Bi Dorkasi na Watu Ishirini na Watatu Waliozaliwa Siku Moja

Ijumaa tarehe 30 Juni 1978, king'ora cha saa tisa alasiri kitakapolia, Ndugu Dorkasi Shemhilu atafunga kabati lake na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi katika Shamba na Kiwanda cha Chai Kwemghambo. Ametimiza miaka hamsini na mitano. Umri huo hauna shaka, kwa kuwa alibatizwa Mlalo na jina lake limo katika kitabu cha usharika. Hata lisingekuwamo, hakuna mtu hapa kwetu ambaye angethubutu kubishana na Bi Dorkasi juu ya mwaka aliozaliwa mtu yeyote.

Alianza kazi Julai 1946 akiwa karani wa mizani, msichana pekee aliyejua kuandika katika banda zima la kupimia majani. Wachumaji wa zamani husema alikuwa akitazama kikapu mgongoni mwa mtu na kutaja ratili zake kabla hakijatundikwa. Sisi tuliokuja baadaye tulidhani hizo ni chumvi za wazee, mpaka mwaka juzi alipopita penye mizani na kusema imeharibika. Ilikuwa imeharibika.

Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mbichi, karani mkuu wa kizungu alirudi kwao na Bi Dorkasi akakabidhiwa Ofisi ya Wafanyakazi: meza moja, taipureta moja, na sanduku la mbao lenye kadi mia sita na kumi na mbili. Inasemekana kwa miezi miwili ya kwanza hakufanya jingine ila kuzisoma kadi hizo moja baada ya moja. Alipomaliza, hakuhitaji tena kulifungua sanduku kujua nani ana watoto wangapi au nani alihamishwa kutoka kitaluni kwenda kwenye boila, na kwa sababu gani.

Kila Januari alichapa Taarifa ya Wanaokaribia Kustaafu. Ilikuwa na safu nne: jina, kazi, mwaka wa kuondoka, na mtu atakayeishika kazi hiyo. Safu ya nne aliibuni mwenyewe, na ndiyo iliyowanyima mameneja usingizi, maana hakukubali iachwe wazi. Wafanyakazi nao waliiogopa taarifa hiyo. Kulikuwa na utani kwamba Bi Dorkasi akikusalimia kwa upole kuliko kawaida, nenda nyumbani ukapalilie kahawa yako mapema. Mwenyewe aliujua utani huo, na siku nyingine aliwasalimia watu kwa upole makusudi.

Hadi mwaka 1970 taarifa ilitazama miaka miwili tu mbele. Kisha shamba likawa mali ya umma, na makao makuu yakaagiza mpango wa miaka mitano. Januari 1971 Bi Dorkasi akahesabu kadi mpaka mwaka 1975, akasimamisha kalamu. Watu ishirini na watatu walikuwa wamezaliwa siku moja, tarehe 1 Januari 1920. Walikuwa wameajiriwa wiki moja mwaka 1938, kiwanda kilipofunguliwa, na karani wa wakati ule, kila aliyesema hajui tarehe yake, alimwandikia hiyo hiyo akaita mwingine. Sasa wao ndio waliokuwa mafundi: wa boila, wa kunyausha majani, wa kusaga, wa kukausha. Kwa mujibu wa kadi, wote wangestaafu siku moja, na kiwanda kingeamka asubuhi ya pili hakina mtu wa kukiwasha.

Meneja wa wakati ule alitaka kazi iwe nyepesi. Alishauri miaka igawanywe kwa kufuata herufi za majina, wa A waondoke kwanza. Bi Dorkasi alimjibu kwamba watu hawazaliwi kwa alfabeti. Kuanzia wiki hiyo, kila Jumamosi kwa miezi minne, alipanda milima kwa miguu kwenda kwa mmoja mmoja wao. Sita aliwapata katika vitabu vya ubatizo. Kumi na saba waliobaki hawakuwa na kitabu chochote, na hapo ndipo alipofika kwa mmoja wao, Mzee Ramadhani Singano.

Mzee Ramadhani alikuwa fundi wa kukausha chai. Alijua kwa kunusa tu kama chai imeiva au bado dakika moja, na hakuna mwingine aliyeweza. Mkewe, Bi Tatu, aliweka jamvi barazani na sinia ya viazi, na mzee akaanza kuwapanga wenzake. Huyu alizaliwa mafua makuu yalipoingia milimani. Yule alikuwa ananyonya bado. Rubeni wa boila alilelewa na Ramadhani mwenyewe mama yake alipokuwa shambani. Wengine wawili walitahiriwa pamoja, lakini mmoja alicheleweshwa kwa ugonjwa. Yeye mwenyewe alikuwa tayari anachunga mbuzi mwaka ule Wajerumani walipokimbia kuwapisha Waingereza, yaani 1916. Jua lilipoanza kushuka, Bi Dorkasi alikuwa na ngazi nzima ya watu kumi na saba, na juu kabisa, kwa miaka sita kumpita anayemfuata, alikaa Ramadhani. Hakuwa na miaka hamsini na mmoja kama kadi ilivyodai. Alikuwa na sitini na mmoja.

Bi Dorkasi ametusimulia kwamba aliishusha kalamu hapo. Kazi hiyo ilikuwa maisha ya mzee yule, na kuandika mwaka wa kweli kulikuwa sawa na kumfukuza siku ile ile. Ramadhani aliona, akamwambia: "Andika, mwanetu. Niliowabeba mgongoni siwezi kuwa rika lao." Alijua tangu alipomtaja mtu wa kwanza ushahidi ule ungeishia wapi, na akaendelea kutaja. Bi Dorkasi akaandika 1910, akamwamkia shikamoo ya kuaga, akateremka mlima akilia.

Jumatatu Meneja alisoma taarifa, akaagiza Ramadhani aondoke mwisho wa mwezi. Bi Dorkasi hakuichapa barua ya kumwondoa. Alimwekea Meneja kidole kwenye safu ya nne, mbele ya jina la Ramadhani, ambapo hapakuwa na jina, akauliza ni nani atakayekausha chai mwezi ujao. Alikaa kwenye kiti cha wageni mpaka alipojibiwa. Mzee akapewa miezi kumi na minne ya kufundisha, na waliofundishwa walikuwa wawili: Issa, na Secilia, mwanamke wa kwanza kushika mashine ya kukaushia. Ramadhani aliondoka mwaka uliofuata akiagwa kwa ngoma, na chai haikuungua.

Wengine nao wakaondoka kila mmoja kwa zamu yake ya kweli, na kila mmoja akiwa ameacha mtu nyuma yake. Tarehe 2 Januari 1975, siku ambayo kiwanda kilikuwa kizimike, boila iliwashwa kama kawaida na watu wakalalamikia ukungu kama kawaida. Bi Dorkasi aliteremka mpaka mlangoni, akasimama kidogo kuisikiliza mitambo, akarudi ofisini. Hakumwambia mtu ni siku gani. Mimi nilikuwa na miezi mitatu kazini, nikadhani amekwenda kutafuta chai ya bure.

Wiki hii ananikabidhi ofisi. Juzi alipotoka kidogo, nilifanya ambalo kila karani angelifanya, nikaitafuta kadi yangu mwenyewe. Nimezaliwa 1949. Pembeni, kwa mwandiko wake, imeandikwa: "Ataondoka 2004. Aanze kumfundisha mwenzake 2002." Nilicheka, kisha nikapiga hesabu. Huyo mwenzangu huenda bado hajazaliwa, na Bi Dorkasi ameshamwekea miaka miwili ya kufundishwa.

Bi Dorkasi, ahsante sana. Maharage yako ya Mlalo yapate mvua kwa wakati wake, wajukuu wakuzunguke, na afya isikupungukie. Nasi tutamtunza huyo usiyemjua.

Mwanaisha Kaniki
Ofisi ya Wafanyakazi, Kwemghambo