Waya Mfupi: Risala ya Mafundi Pikipiki kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Wanyamapori, mhifadhi wetu, daktari wa wanyama, na ninyi wateja mliokuja kuchukua pikipiki mkakuta leo tunapiga makofi:

Sisi mafundi kumi na wanne wa karakana ya langoni mwa hifadhi tunatamka, vifua mbele, kwamba kwa miezi kumi na mmoja hakuna waya mzima uliotoka mikononi mwetu kwenda porini. Hata mmoja.

Sentensi hiyo tuliipenda sana. Huko chini itatubidi tuiguse kidogo.

KARIBU

Karibu mno, Mheshimiwa. Kiti ulichokalia kimeshonwa na Mama Viti, mshonaji wa viti vya pikipiki ambaye cherehani yake iko mlangoni petu. Kikikusukuma mbele usishtuke, hajazoea kumshonea mtu asiyeendesha. Mwenyekiti wetu naye amenawa mikono kwa petroli mara tatu kwa heshima yako. Tunaomba asikaribiwe na kiberiti.

TULIKOTOKA

Zamani waya wa breki au wa klachi ukichakaa, tulifunga mpya, wa zamani tukautupa nyuma ya karakana. Haukulala pale. Watu waliuokota, wakaupiga kitanzi, wakautega kwenye njia za wanyama. Siku moja mhifadhi alikuja na gunia, akalimwaga juu ya meza ya kazi: vitanzi mia mbili na kumi na viwili.

"Jamani, hivi ni vya nani?"

Mwenyekiti akaokota kimoja, akakigeuzageuza. "Huu ni waya wa pikipiki ya mwalimu. Niliufungua mwenyewe."

Siku hiyo tukajitungia Sheria ya Shubiri. Kila waya wa zamani unapakwa rangi ya buluu, kisha unakatwa vipande visivyozidi shubiri moja, mbele ya mafundi wawili. Kwa kipande hicho utamtega nani? Labda kidole chako.

MAFANIKIO

Doria ya mwezi uliopita ilipata vitanzi tisa tu. Tisa, Mheshimiwa! Tulishangilia mpaka mteja mmoja akadhani pikipiki yake imepona.

Lakini kubwa ni la pundamilia. Jike, waya umemzama shingoni, mtoto wake kasimama pembeni hataki kuondoka. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akamlaza, kisha mkasi wake ukashindwa kuukata waya. Tukapigiwa simu. Mwenyekiti alifika na koleo letu kubwa, amepakiwa nyuma ya pikipiki isiyo na breki, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Fundi, una dakika nane," daktari akasema.

"Daktari, mimi kubadilisha waya huchukua kumi."

"Huyu hana risiti. Kata!"

Alikata kwa dakika tano. Jike akainuka, akayumba, akatikisa kichwa, akaondoka na mwanawe bila hata kuaga. Tuliposimuliwa, watu wazima tulilia hadharani, tukasingizia vumbi.

CHANGAMOTO

Mwenyekiti alirudi na ule waya mfukoni. Tulipousugua damu, ulikuwa wa buluu.

Mheshimiwa, ndiyo. Ni wetu. Mmoja wetu alimpa mteja mmoja waya mzima. Mteja huyo alisema anatafuta kamba ya kuanikia nguo, na alikuwa mcheshi kiasi kwamba huyo mmoja wetu alicheka mpaka akasahau koleo. Nguo gani zinaanikwa kwenye waya wa klachi? Labda soksi, tena ya mguu mmoja. Mteja hajaonekana tena.

Tunajua rasimu ya sheria ndogo iko mezani kwako, inayotaka karakana zote zihamishwe kilomita kumi kutoka hifadhini. Tunajua pia kwamba haya tuliyokwambia yanaweza kuisukuma kalamu yako.

MAOMBI

Tunaomba usituhamishe. Ukituhamisha, waya utabaki hapa bila sisi wa kuukata. Afadhali Sheria ya Shubiri iwe sheria ya kila karakana, ya jirani na ya mbali.

Tunaomba mtu akikutwa hifadhini na vitanzi, hilo lenyewe limfikishe mahakamani. Sasa hivi anaachiwa mpaka akutwe na nyama, na nyama maana yake tumeshachelewa.

Na mkulima anayeliwa mahindi na nguruwe pori apewe namba ya simu ya kupiga, na ipokelewe. Asipopokelewa atatega, na waya hauulizi kama wewe ni nguruwe au pundamilia.

NYONGEZA

Ukurasa huu umeandikwa kwa peni kwa sababu asubuhi hii, tukifanya mazoezi ya kusoma, katibu alipofika kwenye "mmoja wetu", cherehani ilisimama.

"Huyo mmoja wetu," Mama Viti akasema, "si ndiye anayesoma?"

Mafundi wakacheka. Katibu akacheka kuwazidi, akasema, "Mama, risala imeshachapwa."

"Peni unayo sikioni. Na uandike vizuri. Si waya mmoja."

"Ni mmoja, Mama."

"Mwanangu, wewe na huyo mteja mlipita hapa mlangoni mnachekeana, yeye akaninyanyulia mkono kunisalimu, na kwenye mkono huo kulikuwa na nyaya tatu."

Katibu akachomoa peni sikioni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nyaya mbili bado ziko porini. Mara tu baada ya neno lako tutaingia na mhifadhi kuzitafuta, wote kumi na wanne, katibu akiwa mbele. Mungu akulinde njiani, aipe kalamu yako subira, na awafikishe pundamilia majini salama kabla hatujafika.

Ni sisi,
Chama cha Mafundi Waya Mfupi

Msomaji: Katibu
Shahidi: Mama Viti