Spidi Sifuri

Benchi la nje ya duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali moja, na anayekaa upande wa tofali hatakiwi kucheka sana. Asubuhi hiyo alikaa Taratibu, dereva wa teksi, na wala hakuwa na hamu ya kucheka. Tangu shemeji yake arudishe gari jana, mita ya spidi ilikuwa ikionyesha sifuri. Gari likitembea, sifuri. Likisimama, sifuri ileile.

— Na kilomita? aliuliza Mpelelezi, karani mstaafu asiyeamini hata saa ya ukutani.

— Hazisogei.

— Ahaa! Kazima makusudi. Hataki ujue kafika wapi.

— Alisema anampeleka mama yake hospitali.

— Hospitali gani hiyo isiyo na kilomita?

Fundi Nati, aliyetengeneza breki za gari hilo juzi, kabla shemeji hajaliazima, alishusha kikombe.

— Mimi ndiye fundi hapa. Mita ya dijitali haifi hivihivi. Kakubadilishia, bwana! Yako iko sokoni saa hizi.

— Au kakufungia chombo cha kukufuatilia, Mpelelezi akadakia. Ukikata kona tu, anakuona kwenye simu.

— Anifuatilie ili iweje?

— Hapo ndipo pa kuogopa. Hatujui!

Taratibu roho ikamchafuka. Miaka tisa amekula sahani moja na mtu yule, kumbe! Akatoa simu, akarekodi: "Shemeji, gari langu usiliguse tena. Na kwangu usikanyage." Akatuma.

— Sasa umesema, Nati akampongeza.

Kahawa ya pili haijapoa, shemeji akatokea, simu mkononi. Akawasalimia wote, mmoja mmoja, na hilo likamchoma Taratibu kuliko matusi.

— Nimekusikia, shemeji. Nina swali moja tu. Juzi breki zilipotengenezwa, gurudumu la mbele alilifungua nani?

Mpelelezi akatazama viatu vyake. Nati akainua kikombe kitupu, akakinywa.

Shemeji akapiga magoti kando ya gari lililoegeshwa mbele ya benchi, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu, akapata waya wa mita ya spidi uliokuwa ukining'inia, akauchomeka mahali pake. Taratibu akawasha gari, akalisogeza mpaka kwenye nguzo ya umeme. Tatu. Saba. Kumi na moja. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Shemeji! aliita dirishani. Basi panda, nikufikishe!

— Si umesema nisiliguse? alijibu shemeji, na akaendelea kwa miguu.