Josipi Nuvalinga, Aliyenyanyua Nyumba Zetu Miaka Thelathini na Sita

Sasa hivi mwanangu Ulluria, mwenye miaka mitatu, ameweka mpira wake katikati ya sakafu ya jikoni, akaachia mikono, akangoja. Mpira ukasitasita, kisha ukajiendea wenyewe mpaka chini ya jiko. Akapiga makofi. Mchezo huo kafundishwa na Josipi Nuvalinga. Ndivyo Josipi anavyojua nyumba ipi imeinama, aanze kuinyanyua.

Josipi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti 2024, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya uhandisi na upimaji ardhi miaka thelathini na sita. Ofisi kuu ya kusini imetaka maneno machache ya furaha kwa ajili ya jarida. Wameniomba mimi, ninayefagia ofisi ya hapa Tasiralik, kaskazini kwenye barafu, na kumshikia Josipi rula ya kupimia, kwa sababu huko hakuna anayemjua. Shule niliishia darasa la nane, mtanivumilia.

Alianza mwaka 1988, kwa kubeba vigingi vya wapimaji. Mwaka uliofuata wahandisi walikuja kuchagua pa kujenga nyumba kumi na mbili. Wakapapenda hapa bondeni, maana pamenyooka. Mama yake Josipi akawafuata, akaketi juu ya boksi la misumari.

"Hapa panatoka jasho," alisema. "Sisi hata mbwa hatuwafungi hapa."

Josipi ndiye aliyekuwa mkalimani. Mhandisi akatabasamu kwa adabu. "Mwambie mama tumechimba mashimo mawili. Ardhi imeganda kama jiwe."

"Imeganda leo," mama akajibu. "Nani kazungumzia leo?"

Josipi alitafsiri yote, neno kwa neno. Kisha akachukua nyundo, akapigilia vigingi palepale, maana ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mama yake hakumgombeza. Alimletea chai.

Barafu ya chini ya ardhi ilianza kuyeyuka kabla watoto waliozaliwa humo hawajaanza shule. Tangu hapo, kila kiangazi, Josipi hulala chali chini ya sakafu zetu na jeki na pimamaji, akinyanyua upande uliozama. Namba sita, ambayo ni yangu, ameinyanyua mara ishirini na saba. Jirani yetu Annogak wa namba tisa humpigia kelele dirishani: "Josipi we, mwaka huu pandisha zaidi, nataka kuona bahari!" Naye hujibu kutoka chini: "Punguza kula nyama na mafuta ya sili, shemeji, nyumba itapanda yenyewe!"

Nyumba hizi ziliipatia ofisi tuzo ya usanifu. Picha ya nyumba hizo imetundikwa kwenye ngazi za ofisi kuu. Ukitazama pembeni utaona mkono umeshika rula ya kupimia. Mkono huo ni wa Josipi. Mwili wake haukuingia.

Barua ya kumuaga inamwita "msaidizi wa muda". Muda wenyewe ni miaka thelathini na sita. Zawadi ni koti la mvua. Na nafasi yake haitajazwa: kuanzia mwakani nyumba zitakaguliwa kwa picha za kutoka angani. Sijui picha ya angani itauonaje mpira unaobingirika chini ya jiko langu.

Ulluria amebeba jina la mama yake Josipi, aliyefariki miezi miwili kabla mtoto hajazaliwa. Kwa hiyo kwetu, Ulluria ni mama yake. Na mimi niliyemzaa mama yake, Josipi huniita bibi, ingawa nina miaka ishirini na mbili. Akiingia huinama pale mlangoni: "Mama, nimekuja. Leo nyumba inasemaje?" Mtoto huweka mpira. Siku moja mpira ulikimbia kweli, Josipi akautazama mpaka ukatulia, akasema polepole, "Mama, ulisema." Ulluria akampa biskuti.

Nimeomba kazi yake. Barua mbili, sijajibiwa. Naomba tena hapa, mbele ya wasomaji wote: pimamaji naisoma, jeki naiweza, na mlango usiofungika wakati wa dhoruba naujua, kwa sababu nalala nyuma yake na mtoto. Nina imani safari hii mtu atasoma.

Mzee Josipi, asante kwa kila mlango uliofungika tena. Asante kwa kuwaambia ukweli wa ardhi yetu kwa lugha yao, hata walipokataa kuusikia. Tunakutakia samaki wengi, chai ya moto, na usingizi wa kitandani, si wa chini ya sakafu za watu. Tena tunakutakia...

Mnisamehe, Josipi anagonga sakafu kwa nyundo kutoka huko chini. "Bibi! Acha kuandika, shuka na pimamaji! Leo jeki unazungusha wewe, mimi nakutazama tu. Mwambie mama aweke mpira!"

Nashuka. Ulluria ameshauweka katikati, ameachia mikono, na mpira unajiendea tena chini ya jiko.