Jessamine Rae: Miaka Ishirini na Saba ya Kubeba Sufu

Kila aliyefanya kazi na Jessamine Rae anamkumbuka kwa mlio mmoja: mbao zake zikiguna jeki zinaposukuma robota la mwisho la sufu tumboni mwake. Ulikuwa mlio mzito, wa taratibu, kama wa mtu anayeinuka kitini na mzigo begani. Mimi niliusikia mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, nilipompelekea baba chakula bandarini. Haujanitoka.

Leo, Jumamosi tarehe 20 Juni 1896, mwenzetu huyu, meli ya matanga, anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kubeba sufu kutoka hapa Geelong hadi London. Jumatatu atang'olewa milingoti, kisha avutwe hadi Hobart, ambako atakuwa ghala la makaa linaloelea.

Alizaliwa Aberdeen, akatufikia Oktoba 1869 akiwa bado ananukia rangi. Tangu hapo hakukosa msimu hata mmoja. Mwaka 1874 alifika London saa saba tu kabla ya mnada wa sufu kufunguliwa, matanga mawili yakiwa yamechanika.

Nyapara wetu, Dan Quilty, alikuwa akimshindilia sufu hadi sitaha inanyanyuka na milango ya vyumba inagoma kufungwa. Mwaka mmoja kapteni alilalamika kwamba atalala mlango wazi miezi mitatu.

"Nikutolee marobota ishirini, Kapteni, upate faragha?" Quilty akamuuliza.

"Yaache hapo hapo," kapteni akajibu. "Sina cha kuficha, na nikikoroma mabaharia watavumilia."

Walipopakua London, mlango ulijifunga wenyewe.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli ukiruka safari ya Novemba 1887. Karibu na Pembe ya kusini mwa Amerika, moshi ulianza kutoka tumboni. Mabaharia walifunga kila mlango, wakaziba kila upenyo kwa nguo zilizolowa, wakasafiri siku thelathini na moja juu ya moto uliokuwa ukifuka chini ya miguu yao. Sitaha ilipata joto hata paka wa mpishi akahamia kwenye mashua. Jessamine Rae aliwafikisha wote wakiwa hai.

Wenye meli walichunguza, wakasema maji yalipenya kwenye sitaha, yakalowesha sufu, nayo sufu ikapata joto na kuwaka. Lawama ilimwangukia Magnus Isbister, seremala aliyemkalafati, akiziba nyufa za mbao zake, tangu safari yake ya kwanza. Alifukuzwa. Tangu siku hiyo anatengeneza masanduku ya samaki nyuma ya soko. Mwezi uliopita aliomba aende Hobart na meli yake, awe mlinzi wake. Wanunuzi wa meli walimkataa: hawamtaki mtu aliyeruhusu maji kuingia.

Maji hayakupitia sitaha. Robota hukaguliwa gatini: unapasua gunia kidogo, unaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, unasikiliza kwa ngozi kama sufu ina unyevu. Baba, mkaguzi wa marobota, alikuwa mgonjwa wiki ile, nami, nikiwa na miaka kumi na minane, nilishika daftari lake. Manyunyu yalikuwa yakianguka, vidole vimekufa ganzi, na meli ilikuwa ikiwahi mnada wa Februari. Kwenye marobota kumi na moja mkono wangu ulihisi ubaridi, nikasita.

"Kazi imekushinda, binti?" Quilty akanitania. "Tumlete baba yako na kitanda chake?"

Makuli wakacheka. Nikajiambia ni baridi ya asubuhi, nikayapaka alama ya makavu.

Miezi mitano baadaye orodha ya yaliyoungua ilifika ofisini. Moto ulianzia kwenye marobota yale yale kumi na moja, chini kabisa, katikati, huku yaliyokuwa juu yake, karibu na sitaha, yakiwa makavu. Nililifunga daftari, nikanyamaza miaka minane.

Jessamine Rae, asante. Ulibeba ulichopewa, ukabeba na kosa ambalo halikuwa lako. Huko Hobart maji yawe matulivu, na atakayekutunza awe anaujua kila ubao wako.

Juzi Alhamisi nilimsomea Bwana Isbister daftari hilo kibandani kwake, nikakiri kosa langu. Alisikiliza hadi mwisho bila kuweka randa chini.

"Sitaha yangu ilikuwa kavu," akasema. "Nilikuwa nimeanza kusahau."

Kisha akavaa koti, tukaongozana hadi ofisi ya wanunuzi. Niliwakabidhi daftari pamoja na barua yenye jina langu, na nakala yake nikaipeleka kwa wenye meli. Kazi yangu hapa niliiacha jioni ile ile.

Catriona Pascoe
Aliyekuwa karani wa ghala la sufu, Geelong