Maji Yaliyogoma Kwenye Mashine ya Vyombo

Kinyozi alitokea nyumbani kwake, nyuma ya saluni yake, mikono ya shati imelowa hadi viwikoni, akajitupa kwenye benchi la nje. Walikuwapo wawili, birika la kahawa katikati: Fundi Saa, ambaye hakuna kitu asichoweza kukifungua, na Mheshimiwa, tarishi mstaafu anayeongea kama yuko bungeni. Mke wa Kinyozi alikuwa anatoka hospitali siku hiyo, wiki mbili baada ya kupasuliwa tumbo, na mashine yake ya kuoshea vyombo, kipenzi chake, ilikuwa imejaa maji machafu yasiyotaka kwenda popote.

— Yamefika wapi? Fundi Saa akauliza.

— Yamefunika sahani za chini. Na yananuka!

— Basi mota imekunywa maji. Ipindue miguu juu, ikohoe.

— Ikohoe jikoni kwangu?

— Taarifa! Mheshimiwa akanyanyuka. Mashine haina kosa. Nyumba ndiyo imeinama. Tuinyanyue upande wa jikoni.

— Kwa kutumia nini, mzee wangu?

— Jeki ya gari. Zikiwa mbili, ndani ya saa moja tumemaliza.

Fundi Saa alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani.

— Mimi nasema tuingize mpira, mtu avute kwa mdomo, maji yafuate.

— Avute nani?

Wote wawili wakamtazama Kinyozi.

— Mke ni wako, Mheshimiwa akasema kwa upole.

Kinyozi naye akacheka. Hapo hapo teksi ikasimama. Mkewe akashuka taratibu, mkono tumboni.

— Shikamooni.

— Marahaba. Pole na ugonjwa, shemeji!

— Nimeshapoa. Baba watoto, mbona umelowa hivyo?

Akamweleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho, jeki na yote.

— Umeme mmezima?

Fundi Saa akamtazama Mheshimiwa.

— Maji mmeyachota?

Wanaume watatu wakaanza kutazama viatu vyao.

Jikoni, mama akakalia kiti na kutoa amri. Kinyozi akachomoa waya ukutani, akatoa sahani, akachota kwa kikombe. Mheshimiwa akabeba ndoo kwa heshima zote za taifa. Fundi Saa akafyonza mabaki kwa taulo.

— Sasa zungusha hilo chujio la chini, ulivute.

Kinyozi akasita. Kisha akavuta, na likatoka na furushi la nywele kubwa kama mtoto wa paka: nyeusi, za mvi, nyingine nyekundu za hina. Nyuma yake maji yaliyokwama chini ya chujio yakakoroma, yakapotea.

— Nywele za nani hizi?

Fundi Saa akapapasa kipara chake. Mheshimiwa akavaa kofia.

— Za mtaa mzima, mke wangu, Kinyozi akasema. Niliosha humo vitana na brashi za saluni. Pamoja na sahani. Ulipoondoka kila kitu kilinishinda, nikawa natupia tu.

Mama akafungua kinywa amgombeze, kikatoka kicheko. Akashika tumbo kwa mikono miwili.

— Tokeni! Tokeni wote, nyuzi zitakatika!

Wakatoka wakisukumana mlangoni. Wenzake wakarudi kwenye kahawa. Kinyozi akabaki koridoni, akakaa sakafuni na suruali yake iliyolowa, akimsikiliza mkewe akicheka peke yake jikoni, ananyamaza, halafu anaanza upya.