Dolphine Ayoo, Aliyetoa Vitabu Nje Kama Watoto Wachanga

Ndugu, jamaa, walimu na watoto wa shule mliofika hapa Kosele leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 1996: maisha ya marehemu yalipaswa kusomwa na kaka yake, Bonface. Nimeomba niyasome mwenyewe, mimi mama yake, Risper Ogola, kwa sababu kuna jambo sikumwambia akiwa hai.

Marehemu Dolphine Ayoo alizaliwa tarehe 11 Aprili 1967, karibu na Ogwedhi, wilaya iliyoitwa South Nyanza wakati huo, leo Migori. Alikuwa kifungua mimba wa Zablon Ogola na Risper. Baba yake alikuwa ameenda kuuza mtamba sokoni, na mama yake alikuwa akimfuata na chakula. Uchungu ulimshika njiani, mtoto akazaliwa kwenye nyasi, ndiyo maana akaitwa Ayoo, mtoto wa njiani. Alikuwa mdogo sana. Usiku wa kwanza mama yake hakulala, alikuwa akiweka kidole chini ya pua yake kuona kama anapumua.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1974, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980. Mwaka uliofuata alijiunga na shule ya upili ya wasichana upande wa Homa Bay, akamaliza kidato cha nne mwaka 1984. Mama yake alifika darasa la nne tu, na Dolphine ndiye aliyekuwa akimsomea barua zote zilizofika nyumbani. Mwaka 1986 alisomea kazi ya maktaba mjini Kisumu kwa mwaka mmoja.

Januari 1988 aliajiriwa na kamati ya shule ya msingi ya kanisa hapa Kosele. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi. Alifukuza panya, akapaka chokaa, akaanza na vitabu thelathini na mbili, vingine havina jalada.

Tarehe 17 Desemba 1989 alifunga ndoa na Jared Omolo, fundi seremala, ambaye alikuwa ameitwa shuleni kutengeneza rafu mbili. Jared husema kazi ya siku tatu ilimchukua mwezi mzima, na kila jioni rafu ilikuwa na kasoro mpya. Mungu aliwajalia watoto wawili, Zablon mdogo na Mellen.

Mnajua desturi yetu. Mtoto akizaliwa hukaa ndani na mama yake, siku tatu akiwa msichana, siku nne akiwa mvulana, kisha hutolewa nje aonwe na watu. Mwaka 1991 shule ilipata kwa mara ya kwanza vitabu vya watoto vilivyotoka kuchapishwa mwaka huohuo Nairobi. Kabla ya hapo ilikuwa ikipewa vilivyochoka kwingine. Dolphine alivipiga muhuri, akavivika karatasi ya kaki, akavifungia ndani siku tatu. Watoto walichungulia dirishani mpaka kioo kikajaa alama za pua. Asubuhi ya nne alitoka mlangoni na kitabu kimoja amekifunga kwa leso kama mtoto mchanga. Mtoto mdogo kuliko wote anayejua kusoma aliitwa asome ukurasa wa kwanza. Kisha Dolphine akauliza, "Huyu anaitwa nani?" Shule nzima ikapiga kelele jina la kitabu. Ndipo wakala njugu na kunywa uji. Ikawa hivyo kila mwaka wachapishaji wa Nairobi walipotuma vitabu vipya.

Mzee Gisiri wa kamati, ambaye yuko hapa, hakupendezwa. Alimwita akamuuliza mbele ya walimu, "Mwalimu, mambo ya kienyeji unaleta shule ya kanisa? Hicho kitabu kimezaliwa na nani?"

Dolphine akamjibu, "Kimezaliwa Nairobi, mzee. Mimi ni mkunga tu."

"Na baba yake?"

"Mzee, wewe ndiye mwenyekiti. Tulitarajia utakubali mtoto."

Walimu walicheka hadi kengele ikachelewa. Mwaka uliofuata njugu zilitoka shambani kwa Mzee Gisiri, debe zima, na mpaka leo hajaacha kuzileta.

Machi 1995 miguu ya Dolphine ilianza kuvimba. Daktari alisema ni moyo, akakataza kazi nzito, ngazi na vumbi. Septemba mwaka huo alikuwa amelazwa aliposikia kwamba vitabu vimefika. Alitoka wodini bila ruhusa, akasafiri hadi Kosele, akasimama kwenye ule mlango wa maktaba muda wa saa mbili akicheka na watoto, kisha akaanguka mbele yao. Alirudishwa hospitalini akiwa hajui alipo. Mimi niliona vile alivyorudi. Sikusahau.

Tarehe 13 Mei mwaka huu alilazwa tena, katika hospitali ya misheni upande wa Migori, nami nilikaa naye siku zote. Alhamisi tarehe 30 Mei, mwalimu mkuu, Bwana Kerosi, alikuja kumtazama. Nilimwona kupitia dirisha akiwa na kitu kwapani kimefungwa kwa gazeti, nikatoka mbio, nikamkuta getini.

"Mama, katoni imefika," akaniambia. "Vitabu kumi na viwili, vipya kabisa. Nimemletea kimoja akione."

Nikamwambia, "Mwalimu, nakuomba kwa jina la Mungu, kirudishe. Akikiona ataamka, na akiamka atakufa."

"Lakini ameniandikia barua mara mbili akiuliza."

"Mwambie bado."

Bwana Kerosi alikiweka ndani ya koti, akaingia, akamwambia bado. Yeye hana kosa. Kosa ni langu.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi daktari akishapita, Dolphine aliniuliza, "Mama, wa Nairobi wametuma?" Nami nilimjibu, "Bado, mwanangu." Nilikuwa nimeamua kwamba nitamwambia siku miguu itakapopungua. Niliipima kila siku kwa uzi. Haikupungua.

Ijumaa tarehe 21 Juni hakuuliza. Alitazama ukuta, akasema, "Labda mwaka huu wamewasahau watoto wangu."

Nikasema, "Labda."

Jumapili tarehe 23 Juni, saa nne asubuhi, alikata roho mikononi mwangu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa.

Jumatano wiki hii Bwana Kerosi aliileta katoni hapa nyumbani, na watoto wa shule wakamfuata. Hakuna aliyejua la kufanya. Msichana mmoja wa darasa la tatu, anaitwa Mourine, akaniuliza, "Nyanya, sasa nani atavitoa nje?" Nilitafuta mwalimu kwa macho. Wote walikuwa wanaangalia chini. Basi nilivua leso yangu, nikafunga kitabu cha juu, nikaenda nacho mlangoni. Jared alikuwa uani akitengeneza jeneza. Akaacha kupiga randa.

Nilisoma mimi ukurasa wa kwanza, kidole kikifuata maneno. Mourine akanigusa mkono akasema, "Nyanya, hapo umeruka mstari." Nikarudi, nikausoma. Nilipouliza jina lake, watoto walilitaja wakilia. Dolphine hakusikia. Mwili wake ulikuwa bado Migori.

Marehemu ameacha mume wake, Jared Omolo. Watoto wake, Zablon mwenye miaka mitano na Mellen mwenye miaka miwili. Baba yake, Zablon Ogola. Mama yake, Risper. Ndugu zake, Bonface na Javan. Na wasomaji mia mbili na kumi na wanne walioandikwa kwa mkono wake katika daftari la maktaba.

Dolphine, hawakuwasahau watoto wako. Vitabu vilifika tarehe 30 Mei, na ni mimi niliyevificha. Nilitaka ukae. Unisamehe, mwanangu, kisha upumzike kwa amani.