Suti ya Kufilisikia

Ndani ya basi la Busia kwenda Kisumu, Nafula hakuwa na pa kutazama ila suti nyeusi iliyokaa kiti cha mbele. Aliyeivaa, fundi cherehani aitwaye Phanuel, alikuwa akimweleza abiria mwenzake, mzee Usman mwenye duka, kwamba anaenda kortini kutangazwa amefilisika.

"Na suti hii?" mzee akauliza. "Jaji si atasema uiuze kwanza ulipe watu?"

"Si yangu, mzee. Ni ya mteja, anaoa Jumamosi. Nimemwambia bado vifungo."

Nafula akasonya. Gauni lake nalo lilikuwa bado vifungo tangu Pasaka, kwa fundi mwingine.

"Ungevaa matambara, kijana."

"Mbele ya jaji? Ataona namdharau!"

"Na mwenye suti akikuona?"

"Atanionea wapi? Busia anakuja mwisho wa mwezi tu. Kazi yake iko hukohuko Kisumu, ni karani wa..." Mkono wa Phanuel ukapanda kwenye kola.

"Karani wa wapi?"

Basi likasimama. "Wa kortini, shukeni!" kondakta akaita.

Phanuel akaanza kufungua vifungo. Vyote vilikuwapo.